Taa nyekundu ya mafuta: kwa nini hatukununua moteri



Katika hesabu zilizosomwa Jumapili kulikuwa na mstari mmoja ulioleta maulizo mengi: «Gari, dola 170». Wengine walisema ni nyingi. Wengine, waliokwisha kusikia mtaani kwamba moteri imekufa, waliona ni kidogo mno, wakafikiri kuna pesa zingine zimefichwa mahali. Hakuna zilizofichwa. Tunaeleza hapa yote yaliyopita, na tunaeleza kwa urefu, kwa sababu wengi kati yetu wana bwana au mtoto anayeendesha taksi, na taa hii itamwakia naye siku moja.

Gari tunaijua sote. Ni ile HiAce ya mazuti tuliyoinunua kwa likelemba ya miaka miwili. Mara mbili kwa juma inakwenda Kasumbalesa na kurudi na unga, sabuni na mafuta ya kupikia. Usiku ndiyo inayopeleka mama mwenye uchungu hospitali, maana saa nane za usiku huku Katuba hupati taksi, na ukiipata bei yake inakutoa machozi. Siku taa ilipowaka, katika sanduku letu kulikuwa na dola 2.100. Hizo zilikuwa pesa za minervali, zilizowekwa kidogo kidogo tangu mwezi wa kumi, kwa ajili ya watoto 31 wa wanachama. Garaji ya kwanza ilituomba dola 1.900.

Taa yenyewe ni picha nyekundu, mfano wa birika yenye mdomo mrefu inayodondosha tone. Watoto husema ni birika ya chai. Watu wengi wakiiona wanafikiri inasema «ongeza mafuta», basi wanaongeza lita moja na kuendelea na safari. Taa haisemi hivyo. Kiasi cha mafuta ni jambo moja, na nguvu ya kusukumwa kwake ni jambo lingine. Wamama wenye tansio wataelewa haraka: daktari anapokufunga kile kitambaa kwenye mkono hapimi una damu lita ngapi, anapima damu inasukumwa kwa nguvu gani. Mtu anaweza kuwa na damu ya kutosha na tansio yake ikaanguka, akaanguka naye.

Ndani ya moteri mafuta yanakaa chini kabisa, katika bakuli la chuma ambalo mafundi wanaliita karteri. Pompa inayafyonza kutoka humo kupitia krepini, kichujio cha waya kinachofanana na kile cha kuchujia chai. Kisha inayasukuma kupitia chujio kubwa, lile linalobadilishwa wakati wa vidanje, na kutoka hapo yanapanda hadi kwenye kusine. Kusine ni vipande laini vya chuma ambamo mhimili mkubwa wa moteri unazunguka, maelfu ya mara kwa dakika. Mhimili haupaswi kugusa kusine. Unaelea juu ya utando wa mafuta ulio mwembamba kuliko unywele, na ni nguvu ya pompa inayouleta utando huo hapo. Nguvu ikikosa, chuma kinasugua chuma, na moteri inakwisha kwa dakika chache.

Taa inawaka nguvu hiyo inaposhuka chini ya bar 0,3 hadi 0,5, kufuatana na gari. Moteri yenye afya ikikimbia ina bar 3 au 4. Kwa hiyo taa hii haituonyi mapema, inapiga kelele nyumba ikiwa tayari inaungua. Ile ya njano, kwa gari zilizo nayo, inaweza kuwa ya kiasi cha mafuta tu, na unaweza kufika mahali pa kununua. Nyekundu ni kutoka pembeni ya barabara bila hatari na kuzima moteri. Hakuna kusema «tufike kwanza sokoni».

Shofere wetu alifanya hivyo. Alikuwa anarudi kutoka Kasumbalesa, mzigo umejaa, wamama saba ndani. Alizima, akangoja dakika kumi ili mafuta yashuke chini, akavuta kile kijiti cha kupimia. Kiasi kilikuwa kizuri, kati ya alama mbili. Chini ya gari hakukuwa na tone. Wamama walimwambia aendelee, jua linashuka na nyanya zinaharibika. Alikataa. Kulikuwa na maneno makali hapo barabarani, hatutayarudia humu. Lori moja lilikubali kuivuta hadi Lubumbashi kwa dola 50.

Papa wa garaji ya kwanza aliwasha moteri, akasikiliza, akatikisa kichwa. «Mama, sikia inavyogonga. Kusine zimeisha. Hii moteri haina kazi tena, mutafute ingine.» Alikuwa nayo ingine, ya mtumba, kule nyuma, chini ya bashi. Tulimuuliza amepima kwa kitu gani. Alijibu kwamba yeye yuko katika kazi hii miaka ishirini, sikio lake linatosha. Lakini moteri ya mazuti inagonga tangu siku inatoka kiwandani, ndiyo sauti yake. Na jambo lingine lilitushangaza: pale garajini, moteri ikizunguka polepole, taa ilikuwa imezimika.

Jioni ile tulikaa kikao. Wengine walisema tununue, bila gari hakuna biashara, na minervali tutaitafuta baadaye. Wengine walisema tuiuze kama ilivyo. Mama mweka hazina alisema maneno machache: hatoi dola moja mpaka mtu amwonyeshe namba. Hakusema bei, alisema namba. Hospitalini, alisema, hawakupasui kwa sababu daktari amekusikiliza kwa sikio tu.

Fundi wa pili alikuja kwetu nyumbani, kijana mwepesi. Alilala chini ya gari, akachomoa waya mmoja. «Si taa ndiyo inawasumbua? Basi, imekwisha. Haitawaka tena.» Aliomba dola 10. Kwa kweli taa isingewaka tena kamwe, hata moteri ikikauka kabisa. Ule waya unatoka kwenye kapteri, kifaa kidogo kilichofungwa kwenye ubavu wa moteri. Nguvu ya mafuta ikikosa, kapteri inaunganisha waya na chuma cha moteri, na taa inawaka. Ukiuchomoa, taa haina tena njia ya kuwaka. Kuchomoa waya ni kipimo kizuri: ikiwa taa inabaki inawaka hata waya ukiwa nje, basi waya wenyewe unagusa chuma mahali fulani, na moteri haina kosa. Kama matibabu, ni sawa na kumziba mtoto mdomo ili asilie homa.

Tunaomba mtu yeyote anayenunua gari ya mtumba aangalie jambo hili. Funga kontakti bila kuwasha moteri: taa nyekundu ya mafuta inapaswa kuwaka. Kisha washa: inapaswa kuzimika ndani ya sekunde chache. Ikiwa haikuwaka kabisa ulipofunga kontakti, usifurahi. Labda ampuli imeungua, labda mtu amechomoa waya kabla ya kukuuzia.

Tuwe wa haki pia: kapteri zinaharibika, na mara nyingi. Ni kifaa cha bei ndogo, kinachoka kwa joto, kinavuja, kinawasha taa bure. Wako watu waliobadilisha moteri nzima kwa ajili ya kapteri. Ndiyo sababu ya kupima kwa chombo.

Fundi wa tatu ni mzee, anafanya kazi chini ya mwembe, hana hata kibao mlangoni. Hakugusa gari. Alimgeukia shofere akamuuliza: «Iliwaka wakati gani?»

Shofere alieleza. Gari ilikuwa inakimbia, imejaa. Taa ilianza kuchezacheza kwenye mlima, kila alipokanyaga sana. Akipunguza, inazimika. Mwisho ilibaki inawaka, akatoka pembeni. Alipowasha tena baada ya nusu saa, ili wampishe kwa lori, haikuwaka.

Mzee alicheka kidogo, akasema kusine zilizokwisha haziongei hivyo. Kusine zikiliwa, nafasi inakuwa kubwa, mafuta yanapita ovyo, na taa inawaka gari ikiwa imesimama, moteri ya moto, katika ralanti. Ukikanyaga, pompa inazunguka haraka, nguvu inarudi, taa inazimika. Ndivyo inavyofanya pia mafuta yaliyokuwa mepesi mno. Ikiwa taa inawaka kwenye kona au ukikanyaga breki kwa nguvu, mafuta ni kidogo, yanakimbilia upande mmoja na pompa inafyonza hewa. Lakini taa inayowaka ukikimbia na kuzimika ukipumzika, hapo pompa inaomba mafuta mengi na hayaji. Kuna kitu kinaziba mlango. Gari ikisimama, kile kitu kinaanguka chini, mlango unafunguka, na wewe unadhani umepona.

Hata hivyo hakutaka tumwamini kwa maneno. Alifungua kapteri, akafunga mahali pake manometa, saa ndogo yenye mpira mrefu na sindano. Akaacha moteri ipate moto vizuri, kwa sababu mafuta baridi ni mazito na yanadanganya. Akamwita mama mweka hazina asome mwenyewe. Katika ralanti: bar 0,8. Kwa Toyota nyingi kitabu cha fundi kinaomba isipungue bar 0,3 hapo, basi hilo lilikuwa sawa, na mwenye kusine zilizokufa asingeipata. Kisha alikanyaga hadi mizunguko 3.000, ambapo kitabu kinaomba kati ya 2,5 na 5. Sindano ilipanda hadi 2, ikatetemeka, ikaanza kurudi chini: 1,5, kisha 1, kisha 0,4. Taa isingekosa kuwaka. Akazima haraka. Mama mweka hazina aliandika namba zote kwenye kipande cha karto, nacho kipo katika faili ya gari kwa yeyote anayetaka kukiona. Kupima: dola 10.

Siku iliyofuata alishusha karteri, wawili wetu tukiwa pale. Ile krepini ilikuwa imezibwa zaidi ya nusu. Kulikuwa na matope meusi, mazito kama sombe iliyolala, na katikati yake nyuzi na vipande vyekundu vya gundi ya silikoni.

Hiyo silikoni haikuzaliwa na gari. Mwaka uliopita karteri ilikuwa inavuja, ikafunguliwa na kufungwa tena katika garaji moja ambayo hatutaitaja hapa, na ambayo haijajibu ujumbe wetu. Aliyefunga alipaka gundi nene pande zote, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa wageni. Ukikaza vis, gundi inayozidi inatoka pande mbili. Ya nje fundi anaifuta, gari inaonekana safi. Ya ndani hakuna anayeiona. Inakauka, inakatika, inaogelea ndani ya mafuta ya moto miezi kadhaa, na mwisho inafyonzwa na kukaa juu ya krepini. Mzee alisema anaziona nyingi za namna hiyo kuliko kusine zilizokwisha. Uzi mwembamba wa gundi unatosha, na inafaa ikauke kabla ya kumwaga mafuta.

Kwa kuwa karteri ilikuwa tayari chini, tulimwomba afungue kusine moja tuione. Alikubali bila kuongeza bei. Ilikuwa ya kijivu, laini, bila mikwaruzo, na rangi ya shaba haikuonekana popote. Shaba ikionekana, alisema, ujue ngozi ya juu imeliwa, hapo ndipo unaanza kuongea juu ya kazi kubwa. Ya kwetu ilikuwa nzima. Inawezekana isingekuwa nzima kama shofere angesikiliza wamama wa nyanya na kuendelea na kilomita 40 zilizobaki, na hapo dola 1.900 zingekuwa kweli bei yake.

Krepini ilisafishwa kwa mazuti na brosi, karteri ikafutwa hadi ikang'aa, ikafungwa, ikaachwa ilale. Asubuhi chujio mpya na mafuta mapya, lita 6. Manometa ikarudishwa. Ralanti ya moto: 0,9. Mizunguko 3.000: 3,5, na sindano ilisimama hapo bila kutetemeka, dakika tano nzima. Hesabu ni hii: kuvutwa na lori dola 50, kupima dola 10, mafuta na chujio dola 42, kazi yote ya karteri dola 60, gundi dola 8. Risiti ziko kwa mama mweka hazina, isipokuwa ya lori, ambalo shofere wake hakuwa na karatasi. Tuliandika namba yake ya gari.

Juu ya mafuta, maneno kidogo, kwa sababu yale matope meusi hayakutoka kwenye gundi. Yanatoka kwenye mafuta yaliyokaa muda mrefu. Kwa vumbi letu na mizigo yetu, tumeamua vidanje kila kilomita 5.000, na chujio kila mara, si mara moja kwa mbili. Tunanunua 15W-40 ya mazuti, bidoni iliyofungwa, kifuniko chake hakijavunjwa. Yale yanayouzwa kwa chupa za maji kando ya barabara yanaweza kuwa mafuta yaliyokwisha kutumika, yakachujwa kwa kitambaa na kurudishwa sokoni. Bei yake inavutia, lakini gari ni ya watu 64. Wengine wanaogopa wakiona mafuta ya moteri ya mazuti ni meusi siku chache tu baada ya vidanje. Hiyo ni kawaida, ni moshi wake. Kinachotisha ni mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa, maana maji yameingia. Au kiasi kinachopanda chenyewe kwenye kijiti na kunuka mazuti: hapo mazuti yanashuka ndani, mafuta yanakuwa mepesi kama maji, na nguvu inapotea. Kuona mafuta yameongezeka bila mtu kuongeza si baraka.

Tumeweka kitabu kidogo ndani ya gari, pamoja na kalamu. Taa yoyote ikiwaka, shofere anaandika: saa ngapi, anakimbia au amesimama, moteri baridi au moto, mlima au tambarare, mzigo au tupu, na ilizimika lini. Zile sentensi nne alizomwambia mzee ndizo zilizotuelekeza, na asingezikumbuka kama zingekuwa zimepita wiki mbili. Tunaomba abiria wasimbishie shofere anapozima moteri. Kikao kimepitisha kwamba neno lake ndilo la mwisho njiani, hata kama mzigo ni samaki.

Mzee ameomba aione gari tena baada ya kilomita 1.000 ili apime mara nyingine na kutazama kama karteri inatoka jasho. Hatachukua pesa.

Safari za Kasumbalesa zinaanza tena Alhamisi, saa kumi na moja za asubuhi, mahali pa kawaida. Kumebaki nafasi mbili. Minervali ya watoto itatolewa Jumamosi baada ya kikao. Kila mama aje na kadi yake ya chama na karatasi ya shule.